Hewa Hailali

Mshale wa geji ya hewa haukuwa kwenye sifuri. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla sijaitazama roboti yenyewe, kabla sijawatazama watoto walioizunguka mezani, mikono nyuma, wametulia kama watu waliokwenda kuposa. Utaratibu wa mashindano haya unajulikana na kila shule inayoshiriki: roboti huletwa kwenye ukaguzi ikiwa tupu, haina hewa ya kuzima hata mshumaa, na hewa hujazwa baadaye, mkaguzi akiwa anaangalia. Tangi lile la plastiki, jeupe, kubwa kama chupa ya maji ya familia, lilikuwa limekuja na hewa yake kutoka nyumbani.

Aliyeniita alikuwa Fyuzi. Ana jina lake la heshima, lakini tangu chuoni anaitwa hivyo kwa sababu akikasirika hukata ghafla, na ukimwacha kidogo huwaka tena kana kwamba hakikutokea kitu. Ni mkaguzi wetu wa umeme. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na ndiye aliyenishika mkono nije kukagua mwaka huu pia, akidai kwamba kukaa nyumbani kutanimaliza. Sikumbishia. Siku hizo sikuwa nikibishana na mtu. Niliomba jambo moja tu, kwamba timu ya binti yangu ikaguliwe na mwingine, na Fyuzi akaichukua yeye.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mtu wa nyaya. Hili la hewa njoo ulione mwenyewe."

Nikaenda. Binti yangu alikuwa amesimama mwisho wa meza, kofia ya unahodha imemfunika nyusi. Hakunitazama. Alikuwa akiitazama geji, kama mtu anayemchunga mtoto asidondoke.

"Nani alijaza hewa humu?" nikauliza kwa sauti yangu ya kazini. Wakati huo nilikuwa nimebaki na hiyo tu.

Wenzake wakatazama viatu vyao.

"Baba," akasema binti yangu.

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamsubiri aseme tena. Muziki ulikuwa ukipigwa ukumbini kwa ajili ya kuwachangamsha watazamaji, na mtangazaji alikuwa akitaja shule moja baada ya nyingine.

"Ni hewa ya baba," akasema. "Aliijaza siku ile. Haijafunguliwa."

*

Kazi yangu ya kila siku ni kukagua boila na mitungi ya hewa viwandani. Nimetumia miaka yangu mizuri nikichungulia matumbo ya vyuma kwa tochi, nikigonga, nikisikiliza. Chuma nakielewa. Kikichoka husema: huvimba, huvuja, hulia. Plastiki ni mtu wa kimya. Inakuchekea asubuhi, inakuchekea mchana, halafu inapasuka mara moja tu, na vipande vyake havichagui jicho la nani.

Nilimwambia hayo mume wangu tangu siku alipoleta tangi la kwanza la plastiki nyumbani. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na stoo yetu ya nyuma ya nyumba aliigeuza karakana ya roboti, mpaka majembe na ndoo zangu zikahamia barazani kama wakimbizi. Yeye alipenda plastiki kwa sababu ya wepesi. Roboti hupimwa kwenye mizani, na kila kilichopungua kwenye tangi aliweza kukiongeza kwenye mkono au kwenye magurudumu. Chuma chako kizito kama maneno yako, aliniambia. Nami nikamjibu kwamba maneno yangu hayajawahi kumtoboa mtu jicho. Tulibishana hivyo mezani kwa miaka, na sijui kama palikuwa na jambo jingine tulilolifurahia zaidi.

Mwishowe tulikubaliana. Angetumia plastiki yake, mradi hewa isilale. Hiyo ikawa sheria ya nyumba: hewa hailali. Jioni, kabla hajafunga stoo, lazima tangi liachiwe hewa yote, litulie tupu mpaka kesho. Aliishika sheria hiyo kuliko alivyozishika ahadi zake za kutengeneza bomba la jikoni. Naye alikuwa na namna yake ya kufungua vali. Kwanza kidogo, mlio mfupi, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Kisha anasita. Halafu anaiachia yote, mlio mrefu unaofifia polepole mpaka unakwisha.

Mimi nilikuwa nikiusikia nikiwa jikoni, upande wa kushoto wa ua. Mfupi, kisha mrefu. Nilijua amemaliza, anafuta mikono, anakuja. Nikasema, "Sahani," na binti yangu akapaza sauti dirishani, "Ngapi?" kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kutabirika; mara nyingi alitoka stooni akifuatwa na wanafunzi wenye njaa. Naye angejibu kutoka gizani mwa stoo: tatu. Au tano. Siku moja alisema kumi, nikamfungia mlango.

Siku aliyofariki alitoka mchana, akaacha kila kitu wazi, kwenda dukani kununua mpira mdogo wa kuzuia uvujaji. Alisema anarudi sasa hivi. Alianguka mlangoni pa duka kabla hajauliza bei. Moyo, walisema. Muuza duka alimlaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, akampigia simu mtu wa mwisho aliyezungumza naye, na mtu huyo alikuwa mimi.

Jioni ile hapakuwa na mlio. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na mimi nilikuwa nimeketi katikati yao nikipokea pole mkononi kama mtu anayepokea chenji.

Umewahi kudungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno? Mdomo upo, unaushika kwa vidole, lakini si wako. Unaweza kuutafuna ndani kwa ndani na usijue mpaka uone damu kwenye kikombe. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Nilipanga mazishi vizuri. Nilijibu simu. Nilikunja nguo zake, nikampa ndugu yake viatu, nikarudi kazini. Wifi yangu alinisifu mbele za watu kwamba nimekuwa mama wa chuma, na mimi nikamshukuru. Stooni sikuingia. Mtu angeniuliza, mimi mkaguzi, kama niliwahi kujiuliza juu ya hewa iliyoachwa kwenye tangi lile mchana ule, ningemjibu kweli kabisa kwamba jambo hilo halikunipitia kichwani. Hakuna kilichokuwa kikipita humo.

*

Niliwasha tochi, nikainama bila kugusa kitu. Mwanga ukapita ndani ya plastiki ile nyeupe kama unavyopita kwenye ganda la yai. Tumbo la tangi lilikuwa safi. Shingoni, pale kiungo cha shaba kinapokazwa kwenye plastiki, palikuwa na utepe mwembamba wa kijani, mkavu, unaong'aa. Na chini ya utepe huo, nyufa. Ndogo, nyembamba kama nywele, nyingi, zimeshuka kutoka shingoni kuelekea begani.

"Umepaka nini hapa?"

"Gundi ya skrubu."

Nikazima tochi. Nikamwambia Fyuzi awaondoe watoto mezani, taratibu, bila kugongana na kitu. Binti yangu hakuondoka, akaanza kunieleza, na alinieleza kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake.

Aliingia stooni waombolezaji wakiwa bado sebuleni. Akaona mshale umesimama, vali imefungwa. Akachomoa neli kwa uangalifu, akalichukua tangi pamoja na vali yake na geji yake, akalifunga kwenye sweta la baba yake, akaliweka chini ya kitanda chake. Kila asubuhi alilitazama kabla ya kwenda shule. Kisha akaona mshale unashuka, kidogo sana, unywele kwa unywele. Hewa ilikuwa inamtoroka. Akachukua maji ya sabuni, akapaka shingoni, akaona mapovu. Hakuthubutu kukaza kiungo kikiwa na hewa ndani. Hilo alijua ni hatari. Basi akafungua droo ya baba yake, akapata ile gundi wanayodondoshea skrubu zisilegee, akadondoshea tone moja tu, ikajipenyeza yenyewe. Mapovu yakakoma. Tangu hapo mshale haukushuka tena.

Maji ya sabuni nilimfundisha mimi. Kila alichofanya kilikuwa sahihi isipokuwa tone lile. Gundi ile ni rafiki wa chuma. Plastiki ya matangi haya huliwa nayo taratibu, na huliwa upesi zaidi ikiwa imevutwa na hewa. Mtu asiyejali angeiacha hewa ivuje, na tangi lingebaki zima. Yeye alijali.

Na mimi nilifagia chumba kile. Nilikumbuka jinsi ufagio ulivyogusa kitu laini chini ya kitanda, nikaurudisha mkono na kuendelea upande wa pili. Mtoto wangu alikuwa akilala juu ya kitu hicho, kichwa chake juu yake kabisa, nami nikitandika shuka. Nilijua kwamba hapa ndipo mtu huogopa. Nikaingoja hofu, haikuja. Ilikuja orodha tu ya mambo ya kufanya, na nikaanza na la kwanza.

Nilimwendea jaji mkuu, mwanamke mwenye filimbi shingoni, nikamwomba awatoe watu ukumbi mzima na azime muziki. Akauliza kama ni lazima, ratiba ilikuwa imeshachelewa. Nikasema ni lazima. Akanitazama usoni, sijui aliona nini huko, akapuliza filimbi.

Watu wakatoka na manung'uniko yao. Wazazi wakabeba vikapu na mablanketi, watoto wa shule nyingine wakachungulia mabegani mwetu wakisukumwa. Muziki ukakatika katikati ya wimbo. Fyuzi akasimama mlangoni, akadai kwamba yeye haendi kokote, na kwamba mimi nikilipuka ni nani atakayemwandalia chai. Sikucheka, naye hakutegemea nicheke.

"Mama," binti yangu akasema. "Mara moja tu."

Alitaka mkono wa roboti upande mara moja. Ndiyo ilikuwa mipango yao yote: katika mchezo wa kwanza, mpira wa kwanza urushwe kwa hewa ya baba, kisha tangi lijazwe kama kawaida na maisha yaendelee. Timu nzima ilijua. Walikuwa wameubuni mkono ule pamoja naye na hakuwahi kuuona ukirusha.

"Hewa si itatoka vilevile, shemeji?" Fyuzi akauliza kutoka mlangoni, kwa upole. "Ipite mkononi, ama ipite hewani."

"Mkono ule ukipiga, roboti nzima inaruka," nikasema. "Shingo ile haiwezi kustahimili hata kikohozi chako."

Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Basi liache," binti yangu akasema. "Tuliondoe kwenye roboti. Tutashindana bila hilo. Nitalirudisha nyumbani."

"Halitoki hapo lilipo likiwa na hewa."

Ndipo aliponitazama. Sijui ni lini alikuwa amenitazama hivyo mara ya mwisho; labda ni mimi nisiyekuwa nikitazama. Alikuwa amekonda. Macho ya baba yake yalikuwa yamemkaa usoni kama vitu vya kuazima.

"Hujalia hata mara moja," akasema. Hakupaza sauti. "Umekunja nguo zake. Umegawa viatu vyake. Nilikaa najiambia, sawa, hicho kimoja hakijui, hicho kitabaki. Sasa unataka kukimwaga kama maji ya kuoshea vyombo."

Nilijua kuna maneno ambayo mama mwingine angeyapata upesi, angemkumbatia, angemwambia kwamba baba hayumo kwenye chupa. Kwangu hayakuwapo. Nilikuwa na lile moja tu ambalo tulikubaliana nyumbani, watu watatu, mezani.

"Hewa hailali," nikamwambia.

Akafumba macho. Nikamvalisha miwani ya kinga, nikamrekebishia mikanda nyuma ya masikio kama nilivyomrekebishia kola ya shule akiwa darasa la kwanza. Nikamwonyesha ukuta wa plastiki nene unaozunguka uwanja wa mchezo, ule wa kuwakinga watazamaji, nikamwambia akae nyuma yake na asitoke mpaka nimwite. Akaenda. Alitembea polepole, na mara mbili akageuka kuitazama geji, si mimi.

Karakana ya chuo kilichotupa ukumbi ilikuwa jirani, nikaazima blanketi zito la wachomeleaji. Nikalifunika tangi, nikalizungusha kila upande, nikaacha nafasi ya mkono mmoja. Nikapiga magoti upande usio na shingo. Ukumbi wote ule, na viti vyake, na mabango yake, ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba nilisikia taa za dari zikivuma.

Mkono wangu ukaipata vali chini ya blanketi. Ilikuwa ndogo, ya kuzungusha, yenye mikwaruzo ya koleo upande mmoja. Sikuhitaji kuiona ili kuijua. Ni mume wangu peke yake aliyekuwa akifunga kitu cha vidole kwa koleo. Kikazi, unafungua kidogo kwanza, unafunga, unasikiliza kama plastiki inalalamika. Ikinyamaza, unaachia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo nilivyofanya.

Mlio ukatoka mfupi.

Nikafunga. Nikasikiliza. Plastiki haikusema kitu.

Kisha nikaachia, na ukatoka ule mrefu. Ulitoka kwa nguvu, blanketi likainuka kidogo ukingoni, na hewa ikanipiga usoni ikiwa na harufu ya stoo yetu, mafuta ya kompresa na mpira na vumbi la mbao. Sikuwa nimejiandaa kwa harufu. Uliendelea, ukashuka, ukafifia, ukawa mwembamba kama uzi, nami nikiwa nimeinamisha kichwa nikiufuata mpaka mwisho wake, kama nilivyoufuata jioni zote zile nikiwa na mwiko mkononi. Ukaisha.

Nikanyanyuka. Nikajifuta mikono kwenye fulana ya ukaguzi kama ninavyoifuta kwenye aproni. Nikageuka kushoto, upande wa jikoni, ambako kulikuwa na safu za viti vitupu na bango la kukaribisha wageni.

"Sahani," nikasema.

Sauti yangu ikajaa ukumbini. Fyuzi akainua kichwa mlangoni. Nilijua nimekosea, nilijua niko wapi, lakini miguu ilikuwa imeshapiga hatua ya kwanza.

Sauti ya binti yangu ikatoka nyuma ya ule ukuta wa plastiki, ndogo, haina hakika, kama mtu anayejaribu mlango ambao hajui kama umefungwa.

"Ngapi, Mama?"

Nikafungua mdomo niseme tatu. Nilikuwa nimeshaliweka neno ulimini. Nikangoja swali lijibiwe kutoka upande wa stoo, kwa maana mume wangu ndiye aliyekuwa akisema idadi, haikuwa kazi yangu. Nikangoja tena kidogo.

"Mbili," nikasema.

Likaniuma. Liliuma mdomoni, likashuka kifuani, likaendelea kushuka, na kila lilipofika palikuwa pangu. Nikaketi chini sakafuni pembeni ya blanketi, nikalia kwa sauti, kilio kibaya, kisicho na adabu, ambacho wifi yangu asingekisifu.

Binti yangu alitoka nyuma ya ukuta kabla sijamwita. Nilipaswa kumrudisha, sikuwa nimeisoma geji. Nikafunua blanketi niisome, na sikuona vizuri, ikabidi yeye ainame anisomee.

"Sifuri," akasema, akaketi karibu yangu, bega lake kwenye bega langu, miwani ya kinga bado usoni.

Nje watu walikuwa wakiuliza kama wanaweza kurudi. Fyuzi alikuwa ametugeuzia mgongo, anakagua swichi za taa zilizo kando ya mlango, moja baada ya nyingine, kila moja kwa makini makubwa, na alipofika mwisho akaanza upya.